Visiwa vya Nchi Kavu: Kwa Nini Kinyonga wa Rungwe Havuki Makambako

Barua ya mchango wa safari ya mafunzo ilipotoka, kundi la WhatsApp la wazazi lilichemka siku nzima. Barua ilisema wanafunzi wa kidato cha tatu watakwenda milima ya Poroto na Rungwe, mkoani Mbeya, "kujifunza watambaazi wa visiwani na uhifadhi wao". Mzazi mmoja akauliza kama siku hizi Zanzibar imehamia Tukuyu. Mwingine, mzaliwa wa Isongole, akaandika kwamba amekulia chini ya Mlima Rungwe na kisiwa hajakiona. Wa tatu alikuwa na hoja ya fedha: kwa nini atoe mchango ili mwanawe akaangalie kinyonga, ilhali kwao Chimala, chini kwenye uwanda wa Usangu, kinyonga wamejaa kwenye mahindi na hakuna anayewalipia kiingilio?

Nafundisha baiolojia, kwa hiyo maswali yaliniangukia mimi. Lile la Chimala ndilo zuri kuliko yote, kwa sababu ukilijibu sawasawa, hayo mengine mawili yanajijibu yenyewe. Ila haliwezi kujibiwa kwa ujumbe wa mistari miwili.

Mtambaazi ni nani

Tuanzie hapa, maana hata hapa watu huchanganya. Watambaazi, au reptilia, ni wanyama wenye uti wa mgongo, wenye ngozi kavu ya magamba, ambao joto la miili yao hulipata nje: kwenye jua, kwenye jiwe lililopigwa na jua, kwenye hewa. Nyoka yumo, mjusi yumo, na kenge, kinyonga, kobe, kasa na mamba. Chura hayumo. Ngozi yake ni tupu, haina magamba, na ikikauka kabisa anakufa. Yeye ni amfibia. Namtaja mapema kwa sababu huku kwetu ukianza tu kuzungumza habari za uhifadhi, lazima mtu ataleta chura wa Kihansi. Tutamfikia, lakini tusimhesabu kwenye ukoo usio wake.

Halafu kuna hili la "damu baridi", ambalo hata vitabu vya shule vimelizoea. Mjusi aliyejianika juu ya jiwe saa saba mchana anaweza kuwa na mwili wenye joto sawa na wako. Saa kumi na moja alfajiri ni baridi kama lile jiwe. Damu yake inafuata hali ya mahali alipo, basi. Wewe mwili wako unabaki na nyuzi 37 uwe kwenye joto la Kyela au baridi ya Kitulo, na gharama ya kuubakiza hapo inatoka kwenye chakula unachokula. Mtambaazi halipi gharama hiyo.

Kutokana na hilo yanatoka mambo mawili, na makala yote hii yamebebwa nayo. La kwanza, mtambaazi anaweza kukaa muda mrefu bila kula. La pili, anategemea mno hali ya hewa ya mahali alipozoea. Lile la kwanza limemfanya awe hodari wa kuteka visiwa vya baharini. Hili la pili limemfunga kwenye visiwa vya nchi kavu.

Visiwa vya maji

Mwaka 1995 vimbunga viwili vilipiga visiwa vya Karibea kwa kufuatana. Wiki chache baadaye, kwenye ufukwe wa kisiwa cha Anguilla, wavuvi waliona rundo la magogo na miti iliyong'oka likisukumwa na mawimbi, na juu yake wamekaa mijusi wakubwa wa kijani aina ya iguana, zaidi ya kumi. Kabla ya siku hiyo aina hiyo haikuwapo Anguilla. Weka tumbili au digidigi kwenye gogo hilo na kabla ya kuona nchi kavu atakuwa amekufa kwa njaa na kiu. Iguana anavumilia, akifika anashuka na kuanza maisha.

Ndivyo visiwa vingi vya mbali vilivyopata wakazi wake. Visiwa vya Galapagos, kiasi cha kilomita 1,000 kutoka pwani ya Ecuador, vilipata kobe wakubwa ambao mababu zao walitoka bara. Kisha kila kisiwa kikawatengeneza wake. Penye majani tele chini, kobe wana gamba la mviringo kama kuba. Penye ukame, ambako chakula kiko juu kwenye mipungate (dungusi), wengi wana gamba lililoinuka mbele ili shingo ipate nafasi ya kunyooka. Hakuna aliyewapangia. Kundi likitengwa kwa muda mrefu na wenzake, likazaliana lenyewe kwa lenyewe, mwishowe linakuwa aina yake.

Mtanzania hahitaji kwenda Ecuador kumwona kobe wa kisiwani. Kisiwa cha Changuu, mkabala na Mji Mkongwe wa Zanzibar, kina kobe wakubwa wenye asili ya Aldabra huko Shelisheli. Wanne wa kwanza waliletwa kama zawadi mwaka 1919. Aldabra kwenyewe bado wapo zaidi ya 100,000. Lakini ndugu zao waliokuwa Mauritius, Réunion na Rodrigues wameisha. Mabaharia waliwapakia melini wakiwa hai, wawe nyama ya njiani, kwa kuwa kobe anakaa miezi bila kula wala kunywa na bado nyama yake ni mbichi. Uwezo uliomfikisha kisiwani ndio uliommaliza.

Kisiwa kina tabia nyingine: jambo dogo linaleta maafa makubwa. Pinta, mojawapo ya visiwa vya Galapagos, ililetewa mbuzi mwaka 1959. Walizaliana, wakala kila kilichoota. Kobe wa Pinta walikuwa tayari wamepunguzwa sana na mabaharia, na mwaka 1971 alipatikana mmoja tu, dume, ambaye dunia ilikuja kumwita Lonesome George. Alikufa Juni 2012, na aina yake ikaishia naye. Huko Guam, kwenye Bahari ya Pasifiki, mambo yalikwenda kinyume: mtambaazi ndiye aliyekuwa mharibifu. Nyoka wa kahawia anayeishi mitini aliingia na mizigo baada ya Vita Kuu ya Pili, akakuta ndege ambao hawakuwahi kuishi na nyoka wa namna hiyo, na karibu ndege wote wa asili wa msitu ule wakatoweka. Nawaeleza wanafunzi hili makusudi, wasije wakadhani uhifadhi ni kumpenda kila mnyama popote alipo.

Sasa turudi kwenye barabara ya Tukuyu

Anayepanda basi la Mbeya kwenda Kyela anakijua kisiwa, ila hajakiita hivyo. Basi likitoka Uyole linapanda. Mnapofika Isyonje, penye njia panda ya kwenda Kitulo na Makete, madirisha yote yamefungwa na aliyesahau sweta anajuta. Mnaanza kuteremka: Isongole, Kiwira, Tukuyu. Mkikaribia Kyela masweta yanavuliwa, madirisha yanafunguliwa, na watu wanatafuta maji ya kunywa. Kwa wastani joto hupungua kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kilele cha Rungwe kina mita 2,960 hivi juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500. Kwa saa chache za basi umevuka tofauti ya hali ya hewa ambayo kwa kinyonga wa mlimani haivukiki kabisa.

Kwake yeye joto la Kyela ndiyo bahari. Upande wa pili, kaskazini, bahari ni uwanda wa Usangu, mkavu na wenye jua kali. Misitu ya baridi na ukungu iliyo juu ya Rungwe, Poroto na Livingstone, pamoja na nyasi za Kitulo, ndiyo nchi kavu iliyozungukwa. Wanasayansi huita mahali kama hapa kisiwa, na hawasemi kwa mafumbo. Kisiwa ni eneo lolote ambalo kiumbe fulani anaweza kuishi, likizungukwa na eneo ambalo hawezi. Maji ni aina moja tu ya mzunguko huo.

Hapo ndipo linapojibika swali la Chimala. Kinyonga anayeonekana kwenye mahindi ya Chimala, na Kyela, na Morogoro, na Dar es Salaam, ni aina moja iliyoenea sehemu kubwa ya Afrika. Ana vipande vya ngozi kama masikio nyuma ya kichwa, hutaga mayai ardhini, na joto si shida kwake. Huyo si wa kisiwani. Ukimkosa Chimala utampata Zambia.

Kinyonga wa pembe tatu wa Poroto ni habari nyingine. Gustav Tornier, Mjerumani, alimweleza kitaalamu mwaka 1900 na kumpa jina la Fülleborn, daktari wa jeshi la kikoloni. Dume ana pembe tatu fupi usoni. Duniani kote anapatikana kwenye milima hii tu: Poroto, Rungwe na safu ya jirani. Yuko mwenzake asiye na pembe, ambaye naye ni wa Ukinga, Poroto na Rungwe pekee. Mwaka 2009 alitangazwa kinyonga mwingine mpya kutoka Poroto hapo hapo, jambo linaloonyesha kwamba hesabu yenyewe haijafungwa. Mtoto wa Mbeya akimwona mmojawapo wa hawa ameona kitu ambacho Mjerumani, Mmarekani na Mjapani lazima wapande ndege waje kukiona kwetu. Kwa maoni yangu hilo linatosha kuhalalisha mchango, lakini mimi ni mwalimu wa baiolojia, mnaweza kuniona nina upendeleo.

Bahari iliyo Makambako

Mkienda upande wa pili, kuelekea Iringa, mnapita Makambako. Wengi tunaijua kwa upepo, na kwa njia panda ya Njombe na Songea. Kwa wanaochunguza wanyama na mimea, Makambako ni mpaka. Mashariki yake kuna Udzungwa, mwisho wa kusini wa Milima ya Tao la Mashariki, milima ya kale sana ambayo misitu yake imedumu kwa mamilioni ya miaka. Kusini magharibi yake kuna milima yetu ya Kipengere, Livingstone, Poroto na Rungwe. Katikati nchi inashuka na kukauka, msitu unakatika. Wameliita Pengo la Makambako.

Uvuke pengo hilo na wakazi wanabadilika. Upande wa Udzungwa, huko Mufindi na kuendelea, kuna kinyonga mwenye miiba ubavuni anayepatikana kwenye milima hiyo tu. Kuna kinyonga mwingine wa pembe tatu, lakini si yule wa Poroto. Huyu ni wa Udzungwa na Uluguru. Kwa abiria wa basi ni safari ya nusu siku. Kwa kinyonga, anayetembea hatua moja huku akiyumba mbele na nyuma kabla ya kupiga ya pili, ni umbali ambao ukoo wake haujauvuka kwa maelfu ya vizazi.

Lakini pengo halikuwa wazi siku zote. Zamani, nyakati za baridi na mvua kuliko sasa, misitu ya milimani ilishuka chini na mahali pengine ikagusana. Hali ya hewa ilipobadilika ikarudi juu, ikawaacha wanyama wametenganishwa. Ushahidi upo. Kipunji, yule nyani wa mitini ambaye wanasayansi walimtangaza mwaka 2005, yupo Rungwe na Livingstone, na yupo pia kwenye msitu wa Ndundulu huko Udzungwa, mamia ya kilomita kutoka hapa, na kati yao hayupo. Kuna pia kifutu mdogo wa ardhini ambaye chakula chake ni minyoo. Amepatikana Udzungwa na Ukinga, kila upande wa pengo.

Mlima Rungwe wenyewe ni kijana. Ni volkano, mlipuko wake mkubwa uliomwaga mawe mepesi ya majivu ulitokea kama miaka 4,000 iliyopita, na jirani yake Kyejo ulitiririsha lava kiasi cha miaka 200 tu iliyopita. Kwa hiyo wanyama wa pale ni wahamiaji waliotoka kwenye milima ya jirani iliyo mikongwe. Wanafunzi wetu walilipenda hili kuliko kinyonga mwenyewe, sijui kwa nini.

Tochi, na matawi ya mwisho

Mchana kinyonga wa msituni ni vigumu kumwona. Unaweza kumpita umbali wa mkono. Usiku mambo ni tofauti: akilala rangi yake hufifia, anakuwa mweupe-kijani, na mwanga wa tochi ukimpiga anang'aa kati ya majani meusi. Kwa hiyo wanaohesabu vinyonga huhesabu usiku. Tulikwenda na ofisa wa misitu, kwa kibali, pembeni mwa msitu tu, na masharti yalikuwa mawili: hakuna kushika, hakuna kutikisa tawi.

Tuliyemwona kwa karibu alikuwa dume wa pembe tatu, amelala kwenye ncha kabisa ya kijiti chembamba kuliko penseli. Mkia umejizungusha ndani kwa ndani. Miguu imekibana kijiti kama koleo, vidole viwili upande mmoja na vitatu upande wa pili. Macho yamefumba, na tone la umande limekaa kwenye pembe ya kati. Msichana mmoja akauliza mbona amelala pabaya hivyo, ncha ya tawi, ambapo hata upepo unaweza kumwangusha. Ofisa akamwambia ajaribu kufikiri yeye ni nyoka. Nyoka akipanda kijiti hicho, kitatikisika kabla hajafika, na kinyonga ataachia na kudondoka gizani.

Kuna jambo moja lisiloonekana kwa tochi. Kinyonga wa Chimala hufukia mayai ardhini na kuondoka. Joto la udongo litamaliza kazi. Udongo wa Poroto ni wa baridi mno kwa kazi hiyo. Jike wa pembe tatu hubaki na mayai tumboni, huota jua akiwa nayo, na mwisho huzaa vitoto vilivyo hai. Yeye mwenyewe ndiye kiota, na anakibeba kukipeleka penye jua.

Idadi ndogo na hesabu yake

Watu huuliza: kama wamekaa huko maelfu ya miaka, kelele za sasa ni za nini? Chukua kikoba cha wanachama kumi na SACCOS ya wanachama elfu tano. Wawili wakikopa na kutokomea, SACCOS itanung'unika na kuendelea na vikao vyake. Kikoba kimekufa. Kinyonga aliyeenea sehemu kubwa ya Afrika ni ile SACCOS: moto ukiunguza shamba zima la Chimala, wa jirani watajaza nafasi. Kinyonga wa mlima mmoja hana wa jirani. Kiangazi kimoja kibaya, moto mmoja uliotoka kwenye shamba ukapanda hadi msituni, na sehemu kubwa ya ukoo wake wote duniani imeungua.

Na juu ya hilo dunia inapata joto. Mnyama wa bondeni akizidiwa anaweza kupanda mlima. Aliye tayari juu atapanda mpaka kilele, na baada ya kilele hakuna mahali.

Vitisho vyenyewe mnavijua, sitavirefusha: moto, ukataji wa miti na mianzi, mashamba ya viazi na pareto yanayosogea juu mwaka hadi mwaka. Kisichojulikana sana ni biashara. Vinyonga wa Tanzania walikuwa wakisafirishwa kwa miaka mingi kwenda kuuzwa ng'ambo kama wanyama wa kufugwa nyumbani. Biashara yao ya kimataifa inasimamiwa na mkataba wa CITES, na mwaka 2016 serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Kwa hiyo anayekuja kijijini kununua kinyonga kwa watoto, kwa bei ya soda, si mtafiti. Mtafiti ana kibali, na hupitia ofisi ya kijiji na kwa wahifadhi.

Kwa nini tusiwahamishe tu

Hili ndilo wazo linalorudi kila mjadala: watoeni, wapelekeni mahali salama, tuendelee na maisha. Hapa sasa ndipo chura wa Kihansi anapoingia, si kama mtambaazi bali kama funzo la gharama.

Ni chura wa manjano, hafiki sentimita tatu, naye huzaa vitoto badala ya kutaga. Aligunduliwa mwaka 1996 kwenye korongo la Mto Kihansi huko Udzungwa, wakati wa maandalizi ya bwawa la umeme. Makazi yake yote duniani yalikuwa kama hekta mbili zilizolowanishwa na manyunyu ya maporomoko. Kisiwa kidogo kuliko viwanja vingi vya shule. Mwaka 2000 mtambo wa megawati 180 ulianza kazi, maji mengi yakapelekwa kwenye mitambo, manyunyu yakakatika. Chura karibu 500 walipelekwa Marekani wakatunzwa kwenye bustani za wanyama. Korongoni zikafungwa bomba za kunyunyiza, na bado mwaka 2003 wengi walikufa kwa ghafla. Ugonjwa wa kuvu unaoua vyura ulikutwa kwao. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini, na mwaka 2012 wale waliozaliwa Marekani wakaanza kurudishwa.

Mitaani kisa hiki husimuliwa kama "chura walizuia umeme". Umeme haukuzuiwa, mtambo ulijengwa na unafanya kazi. Waliozuiwa ni chura. Na gharama yote ile ya ndege, maabara na bomba ililipwa ili kurudisha kwa mikono kazi ambayo maporomoko yalikuwa yakiifanya bure.

Kumchukua kinyonga wa Poroto na kumweka bustanini Dar es Salaam ni kumuua taratibu. Joto la mchana litamwangusha. Kumpeleka mlima mwingine wenye baridi ni kumpa mwenyeji wa kule mshindani, na labda ugonjwa. Guam ilianza hivyo hivyo, mnyama mmoja mahali pasipo pake.

Sumu, rangi na mikosi

Kinyonga hana sumu. Hana, wa pembe wala asiye na pembe. Anaweza kuuma akibanwa na kutoa sauti ya mfoko, na kuna mmoja wa nyanda hizi anayepiga kama mluzi akikasirika, basi. Nyoka wa mitini wa Rungwe, huyo ana sumu kweli. Ukimwona rudi nyuma na umwache apite, hajakufuata wewe.

Kuhusu rangi, wengi wanaamini kinyonga huiga chochote alichokanyaga, hata kitenge. Haigi. Hubadilika kwa hasira, kwa woga, kwa kumtaka jike, na kwa kutafuta joto, maana mwili mweusi hunywa jua haraka. Mwaka 2015 watafiti wa Geneva walieleza inavyotokea: kwenye ngozi yake kuna seli zenye fuwele ndogo mno, naye akizisogeza zikaribiane au ziachane, mwanga unaorudi hubadilika rangi.

Kuhusu mikosi sina la kisayansi. Najua tu kwamba watoto wanaorusha mawe kwa kinyonga njiani mara nyingi wamefundishwa na mtu mzima.

Miti iliyopo na msitu usiokuwapo

Swali la mwisho nililipata kwa mzazi wa Mafinga, na ni zuri. Akasema: mbona mnasema msitu umekatika, wakati kutoka Mafinga ni miti mitupu, Sao Hill yote imejaa misindano hadi macho yachoke?

Shamba la miti la Sao Hill ni kubwa kuliko yote ya serikali nchini, na mbao zake zimejenga nyumba nyingi hizi tunazoishi. Lakini ingia chini ya misindano iliyokomaa uangalie: sindano kavu zimetanda, hakuna kichaka, wadudu ni wachache, pamekauka, na baada ya miaka kadhaa yote inavunwa kwa mkupuo. Kinyonga anataka matawi membamba yanayopishana, wadudu, na unyevu. Anavipata zaidi kwenye ua wa vichaka vya asili unaozunguka shamba la viazi kuliko ndani ya hekta elfu za misindano. Baadhi ya vinyonga wa nyanda hizi huishi vizuri kabisa pembeni mwa msitu, kwenye matete ya mtoni na kwenye nyua za namna hiyo.

Ndiyo maana mahali panapoitwa Bujingijila panatajwa sana. Ni ukanda mwembamba kati ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Mlima Rungwe na msitu wa Livingstone ulio ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kitulo. Msitu wake umechakaa, na ukikatika, Rungwe itakuwa kisiwa ndani ya kisiwa. Msitu anaouhitaji kipunji kuvukia lazima uwe na miti mirefu. Kinyonga hahitaji hata hiyo; vichaka vya asili vinavyogusana vinamtosha, ilimradi visichomwe kila kiangazi. Lakini mtu akipanda misindano hapo kwa nia njema ya kurudisha msitu, kwenye picha ya setilaiti ushoroba utaonekana umezibwa kijani kibichi, na kwa kinyonga utakuwa bado umekatika pale pale.